Komite ya chama: nani analipa tikiti ya mujumbe?

Chukua muji wowote wa mashariki: Kindu, Kalemie, Bunia ao Baraka. Chama kikitangaza ku Kinshasa majina ya komite yake mupya, kesho yake asubui kitambaa kikubwa kinatundikwa mutaani: picha ya mutoto wa hapa, cheo chake kipya, na maneno ya kumupongeza. Vijana wanavaa mipira ya chama, wamama wanaimba. Sasa uliza mumoja wao: alichaguliwa na nani? Alipata kura ngapi? Alishindana na nani? Mara nyingi jibu haliko, sababu hakukuwa kura. Kulikuwa karatasi yenye sahihi ya mutu mumoja.

Uchaguzi wa raisi na wa wadepite unangojewa mwisho wa 2028. Inaonekana mbali, lakini ndani ya vyama mbio imeanza. Wale wenye akili hawatafuti kwanza kura ya mwananchi, wanatafuta kiti mu komite ya chama. Kwa mukaaji wa Fizi ao wa Mambasa hii inaweza kuonekana kama mambo ya wakubwa wa Kinshasa. Ukweli ni kwamba jina atakalokuta mu mashini ya kupigia kura litakuwa limepita kwanza kwenye meza ya komite ile.

Kalamu yenye kuandika majina

Kila chama kinaita komite yake ya uongozi kwa jina lake: biro politiki, komite ya taifa, direktware, sekretariati kuu. Kazi inafanana. Inalinda feza, inasema kwa jina la chama, inafukuza, inasamehe, inapeleka majina wakati vyeo vya serikali vinagawanywa. Na kazi yenye uzito kuliko zote: inatengeneza lista za makandida na kumupa mutu mumoja mamlaka ya kuzifikisha kwenye ofisi za CENI.

Tuangalie sheria ya uchaguzi ilivyobadilishwa mu Juni 2022. Chama ao muungano wa vyama unapashwa kuleta makandida kwa 60% ya viti vyote vinavyoshindaniwa, kama sivyo lista zake hazipokelewi. Kiisha, kwa kupata hata kiti kimoja mu Bunge la taifa, lazima lista zake zote pamoja zifikishe 1% ya kura za inchi nzima. Ni kwa hiyo kandida anayesimama peke yake, bila chama, ana kazi ngumu sana kwa Bunge la taifa: hata akipendwa teritware nzima, kura za teritware moja hazimufikishi kwenye hesabu ile ya inchi. Anapashwa kupita kwenye mulango wa chama, na mulango ule unachungwa na komite.

Iko jambo lingine ambalo wakaaji wengi hawaelezwi. Pale kunako viti vingi, ukipiga kura unachagua jina moja, lakini kura yako inahesabiwa kwanza mu mufuko wa lista. Lista ikipata kiti, kinaenda kwa mwenye kura nyingi kuliko wenzake wa lista ile. Maana yake, kandida mwenye kuleta kura 400 za kijiji chake anaweza kuwa amemupandisha mwenzake ngazi bila kujua. Mu 2023 makandida zaidi ya 20,000 waligombania viti 500 vya Bunge la taifa. Wengi wao waliuza mbuzi ao kiwanja, wakakopa kwa bashemeji, wakafanya kampanye kwa pikipiki, na kazi yao kwa hesabu ya chama ilikuwa paka kusukuma. Nani atasukuma na nani atasukumwa, hiyo haiamuliwi siku ya kura. Inaamuliwa siku komite inapanga majina: ukimuweka mukubwa pamoja na makandida wenye nguvu sawa na yake, yuko mu hatari, ukimuzungushia wenye vijiji vidogo vidogo, amekwisha kukaa.

Hata kiisha uchaguzi, kamba haikatiki. Artikle ya 110 ya Katiba inasema depite ao seneta anayeacha chama chake kwa kupenda katikati ya muhula anahesabiwa kuwa ameacha kiti chake. Sheria hii ilitaka kuzuia watu kuuza kiti kama nyanya za soko. Lakini inampa pia komite fimbo: depite mwenye kusema kinyume na wakubwa wa chama anajua kwamba siku moja mutu anaweza kuandika barua na kusema huyu ametuacha.

Kwa hiyo mutu anayetafuta kiti mu komite hatafuti heshima tu. Anatafuta kushika kalamu ile.

Kwa karatasi, kila kitu kiko sawa

Sheria nambari 04/002 ya tarehe 15 Machi 2004 njo inapanga maisha ya vyama mu Kongo. Katiba nayo, kwa artikle ya 6, inavitaka viheshimu demokrasia ya vyama vingi, umoja na uhuru wa taifa. Ukifungua sheria ndogo za vyama karibu vyote, utakuta ngazi nzuri: kiini mu kartie, seksio, federasio, kiisha kongre, ambayo inaitwa mwenye mamlaka yote. Kongre inachagua raisi wa chama na komite. Ni maneno mazuri, yaliandikwa na watu wenye kusoma.

Tutazame mambo yenyewe. Mu 2014, Jean-Pierre Bemba alikuwa gerezani La Haye, akingojea hukumu ya Mahakama ya Kimataifa. Toka pale aliondoa Thomas Luhaka kwenye cheo cha katibu mukuu wa MLC na kumuweka Eve Bazaiba. Hakuna kongre iliyoitwa kwa kazi ile. Mwanzilishi aliandika, chama kikafuata. Mu Februari 2018, Joseph Kabila alimuweka Emmanuel Ramazani Shadary, mutoto wa Maniema, kuwa katibu wa kudumu wa PPRD. Miezi michache kiisha, mu Agosti, Shadary akawa kandida wa uraisi wa Jamhuri. Mu Maniema watu walicheza, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini hata mumoja wa wale waliocheza hakuulizwa kura yake kwa cheo kile.

UDPS ni hadisi ya peke yake, juu ilizaliwa Februari 1982 kwa kukataa Mobutu na chama chake kimoja, na demokrasia iko mu jina lake. Kongre yake ya kwanza ilifanyika Desemba 2010, miaka 28 kiisha kuzaliwa. Hapo tusisahau kwamba miaka mingi ya ile ilikuwa ya kufungwa na kufukuzwa, hakuna mutu angeita kongre chini ya Mobutu. Muzee Étienne Tshisekedi alipofariki Brussels tarehe 1 Februari 2017, chama kilingoja zaidi ya mwaka. Mwisho wa Machi 2018, kongre ya Kinshasa ilimuchagua mutoto wake Félix kwa kura 790 juu ya 803. Ilikuwa kura ya kweli mu sanduku, lakini siyo kura ya kushindana: kila mutu aliyeingia mu chumba alijua jina litakalotoka.

Kiisha akawa Raisi wa Jamhuri mu Januari 2019. Artikle ya 96 ya Katiba inakataza Raisi wa Jamhuri kushika madaraka mu chama. Kwa hiyo chama kikapewa kaimu. Kwanza Jean-Marc Kabund, hadi alipoondolewa mwanzo wa 2022. Kiisha Augustin Kabuya, katibu mukuu, akashika na ile kazi ya kaimu. Kaimu ni mutu wa kulinda nyumba wakati mwenye nyumba yuko safarini. Hapa ulinzi ulipita miaka mitano. Mu Agosti 2024, wajumbe wa kikao kinachoitwa Convention démocratique du parti walitangaza kwamba wamemuondoa Kabuya na kumuweka Déogratias Bizibu. Kabuya akakataa, akasema kikao kile hakikuwa cha halali. Mu Limete watu wa chama kimoja wakawa wanatazamana kwa macho ya ubaya.

Ugomvi ule ulielezwa sana kama vita ya watu wawili. Lakini swali lililokuwa chini yake ni lile la kitambaa cha mutaani: nani alimuchagua nani? Pale kongre haiitwi, kila upande unaweza kushika kipande cha sheria ndogo na kusema sheria iko na mimi. Na makada wa federasio za mashariki, wenye hawakuwa upande wowote, walibaki wanapiga simu Kinshasa kuuliza wamuandikie nani ripoti.

Safari ya mujumbe

Tuseme sasa chama kimoja kimeamua kufanya mambo vizuri. Kinaita kongre ya kweli, na viti vya komite vitapigiwa kura. Makandida wamejitokeza kumi kwa kiti kimoja. Je, shida imekwisha? Kwa watu wa mashariki hapana, njo kwanza inaanza.

Kongre karibu zote zinafanyika Kinshasa. Mujumbe wa Kabambare, wa Shabunda ao wa Aru hawezi kufika kule kwa barabara. Anapashwa kupanda pikipiki hadi pale ndege inatua, kiisha ndege, kiisha kulala wiki nzima mu muji ambao sahani ya chakula inauzwa kwa bei nyingine. Tikiti peke yake inaweza kukula mishahara ya miezi mingi ya mwalimu. Kotizasio za memba wa federasio haziwezi kulipa. Mara nyingi hata haziko: memba anapewa karte bure na musimu wa kampanye, hatoi chochote, na kwa sababu hatoi chochote hana pa kusimama akiuliza hesabu.

Basi nani analipa? Kandida ya komite analipa. Mwenye feza, mara nyingi waziri, mukurugenzi wa kampuni ya serikali ao mufanya biashara ya madini, anatuma tikiti kumi, anakodesha hoteli moja, anaweka mutu wa kugawa feza ya chakula kila asubui. Wajumbe wake wanakula pamoja, wanalala pamoja, wanaenda kwenye ukumbi mu basi moja. Siku ya kura, mujumbe anajua nani alimuleta na nani atamurudisha. Hakuna mutu anamulazimisha. Lakini tikiti ya kurudi bado haijakatwa.

Iko na njia ya pili, rahisi kuliko hiyo. Chama kinaona ni gali kuleta watu kutoka mbali, kinaita wazaliwa wa jimbo wanaokaa Kinshasa. Mwanafunzi wa Maniema anayesoma kule, mufanyakazi wa ministri aliyetoka Ituri miaka 20 iliyopita, wanavaa beji ya federasio na kupiga kura kwa jina la watu ambao hawakuwatuma. Kwa ripoti ya kongre, majimbo yote 26 yalikuwa mu chumba. Kwa macho, mashariki ilikuwa Lemba na Ngaliema.

Hali ya usalama imezidisha jambo hili. Goma ilianguka mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Federasio za vyama vya kitaifa kule haziwezi kufanya kazi sawa mbele. Viongozi wengine wako Kinshasa, wengine ng'ambo, wengine wamenyamaza mu nyumba zao na wamezika mipira ya chama. Komite za taifa zinateua makaimu wa federasio kwa watu ambao hawawezi kukanyaga mutaa wanaousimamia. Hatuwezi kuwalaumu kwa kila kitu, vita ni vita. Lakini kaimu ana tabia ya kuzoea kiti, na UDPS imekwisha kuonyesha.

Pale kura inaogopesha

Wengine wanasema: mambo ya kupiga kura mu chama ni ya wazungu, mu Afrika chama ni cha mwenye kukizaa. Tusiende mbali kwa kujibu. Watu wa Kalemie, Baraka na Uvira, wenye kusikia redio za ng'ambo ya Tanganyika, walifuata usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 Januari 2025 hesabu ya kura za Chadema mu Dar es Salaam. Freeman Mbowe alikuwa mwenyekiti tangu 2004. Tundu Lissu, makamu wake, alisimama mbele yake. Lissu alipata kura 513, Mbowe 482, kandida wa tatu kura moja. Tofauti ilikuwa ya watu 31. Mwenye kushindwa alikubali asubui ile ile. Hiyo njo maana ya kura ya chama: mutu aliyekuwa juu kwa miaka 20 aliingia usiku bila kujua kama atatoka na cheo.

Tuongeze upande wa pili, ili mutu asiseme tunasifu tu. Lissu alikamatwa mu Aprili mwaka ule na kushitakiwa kwa uhaini. Mu mwezi wa tano, ofisi ya Musajili wa Vyama ilisema kikao cha Baraza Kuu kilichothibitisha katibu mukuu John Mnyika na viongozi wengine hakikuwa na akidi, kwa hiyo haiwatambui. Kura inaweza kuwa safi ndani ya chama, na bado ofisi ya serikali ikaizungusha. Tutarudi kwa hilo, sababu kwetu tunalijua sana.

Afrika ya Kusini iko mbali zaidi, lakini familia nyingi za kwetu ziko na mutu Johannesburg ao Cape Town, na maaskari wake walikufa hapa Kivu. Chama cha ANC kinafanya kongre kila miaka mitano. Pamoja na wakubwa saba wa juu, inachagua memba 80 wa komite kuu ya taifa, na nusu ya komite inapashwa kuwa wanawake. Kitu cha kuangalia siyo idadi, ni namna mujumbe anapatikana: sheria ya chama inataka wajumbe wasiopungua 90% watoke kwenye matawi ya chini, na tawi linapashwa kuwa na memba 100 wenye kulipa.

Matokeo? Mu Desemba 2007, kongre ya Polokwane ilimuangusha Thabo Mbeki, raisi wa inchi akiwa kwenye kiti, kura 1,505 mbele ya 2,329 za Jacob Zuma. Watu waliopiga kampanye kwa viti vya komite siku zile walionekana kugombania posho. Miezi tisa kiisha, komite ile ile ilimuomba Mbeki aache uraisi wa inchi, akaacha. Mu Februari 2018 komite nyingine ikamufanyia Zuma vilevile. Hakuna jeshi lililotoka barabarani. Na mu Desemba 2022, ku Nasrec, Gwede Mantashe alihifadhi uenyekiti wa taifa kwa tofauti ya kura 44 juu ya wajumbe zaidi ya elfu nne.

Feza iko kule pia, tena nyingi. Kampanye ya Cyril Ramaphosa ya 2017 ndani ya chama ilifika hadi mahakama ya juu kabisa juu ya maswali ya nani alichanga. Mahakama ilimupa haki mu 2021, lakini kila mutu aliona mabilionea walikuwa nyuma. ANC inajulikana kwa rushwa kama vyama vingine. Tofauti na kwetu ni hii: pale mwenye feza anapashwa kuhonga maelfu ya wajumbe na bado anaweza kushindwa. Kwetu inatosha kumupendeza mutu mumoja.

Chama pacha

Turudi nyumbani. Kwa nini waanzilishi wa vyama vyetu wanaogopa kura za ndani? Jibu la haraka ni kwamba wanapenda kiti. Ni kweli, lakini siyo yote. Wanaogopa pia kuibiwa chama.

Wakongomani wako na neno kwa jambo hili: dédoublement, chama kuzaliwa pacha. Mu Septemba 2015, vyama saba vilivyojiita G7 viliachana na muungano wa Kabila. Haikupita muda, MSR ya Pierre Lumbi ikawa na ndugu mwenye jina lile lile, aliyebaki upande wa serikali. Mu Julai 2019, Modeste Bahati Lukwebo, mutoto wa Kivu Kusini, alitaka uraisi wa Sena wakati muungano wake FCC umekwisha kumuchagua Alexis Thambwe Mwamba. Bahati alikataa kurudi nyuma. AFDC na washirika wake wakapasuka mara mbili, upande mumoja na Bahati, mwengine na Nene Nkulu, ambaye FCC ilimutambua. Makada wa Kabare na Walungu walijikuta wanaulizwa wako AFDC gani. Bahati alipata uraisi wa Sena mu 2021, upepo ulipogeuka.

Pacha anazaliwaje? Anahitaji vitu viwili: memba wachache wa komite wenye kusema wao njo komite ya kweli, na ofisi ya serikali yenye kukubali karatasi yao. Ministri ya Mambo ya Ndani njo inaandikisha vyama na kupokea majina ya viongozi wao. Kwa hiyo kiti mu komite kina bei nyingine, isiyosemwa: memba watano wa komite wanaweza kuwa mbegu ya chama kingine. Mwanzilishi anajua. Ndiyo maana anajaza komite na bibi yake, kaka yake, katibu wake wa zamani na mutoto wa dada yake. Tunacheka tukisoma majina yale, lakini hofu yake haikuzaliwa bure.

Ila dawa hii inaongeza ugonjwa. Komite yenye kuchaguliwa na wajumbe 800, wenye majina yanayojulikana na kura zilizohesabiwa mbele ya watu, ni ngumu kuiga. Komite yenye kutoka mu mufuko wa mutu mumoja, mutu mwingine anaweza kuandika ya kwake usiku ule ule, na kwa musomaji wa karatasi zote mbili zinafanana.

Inchi iko na vyama zaidi ya 900 vilivyoandikishwa. Vingi vinajulikana paka na mwanzilishi, familia yake na mutu wa fotokopi. Sheria ya Juni 2008 juu ya feza ya serikali kwa vyama iko, lakini feza yenyewe haionekani. Chama bila kotizasio na bila musaada wa serikali kinabaki cha mwenye kulipa kodi ya biro. Huyu hawezi kukubali kwa roho safi kwamba mujumbe wa Wamba amupigie kura ya kumuondoa mu nyumba anayolipia.

Wamama wa kuimba

Kuhusu wanawake, maneno ni mafupi kwa sababu nafasi yao ni fupi. Katiba kwa artikle ya 14 na sheria ya Agosti 2015 zinazungumza usawa. Sheria ya uchaguzi ya 2022 inasamehe malipo ya dhamana kwa lista yenye 50% ya wanawake. Vyama vingine viliona hapo punguzo la bei, vikaandika majina ya wamama kwa kujaza. Ndani ya komite, mwanamuke anapewa kitengo cha wanawake, na kitengo kile kinapewa kazi ya kuimba uwanjani. Yule mwenye kutaka kugombea kiti cha feza ao cha mambo ya uchaguzi anaambiwa angojee. Bazaiba aliongoza MLC miaka ambayo mwenyewe alikuwa gerezani, na chama hakikufa. Mufano ule haukuigwa sana.

Maswali ya kumuuliza kandida

Mu miezi inayokuja watakuja. Watakutana na vijana, wataahidi mipira na pikipiki, watasema wanatafuta kiti mu komite ili mashariki isikike Kinshasa. Hakuna ubaya mu jambo hili. Mashariki inahitaji kusikika. Kada mwenye kuitwa kwenye mukutano kama ule anaweza kuuliza mambo ya kawaida kabisa. Kongre itafanyika lini, na wapi? Federasio yetu iko na wajumbe wangapi, na nani aliwachagua? Watasafiri kwa feza gani? Kura itakuwa ya siri ao ya kunyosha mukono? Lista ya memba wenye haki ya kupiga kura iko kwa nani? Kama jibu la swali la kwanza ni kwamba kongre haina tarehe, mengine hayana haja.

Iko na swali la kitabu pia. Sheria ndogo za chama na kanuni za ndani ni karatasi ambazo kila memba ana haki ya kusoma. Mu federasio nyingi hazipatikani, ao ziko kopi moja tu ya Kifaransa, mu kabati ya mukubwa. Memba anafukuzwa kwa artikle ambayo hajawahi kuona. Chama chenye kutangaza kwa Kiswahili siku ya kampanye kingeweza kutafsiri kurasa zile kwa Kiswahili pia. Haiombi ndege wala hoteli.

Wengine wanashauri kongre zizunguke: leo Kinshasa, miaka mitano ijayo Kisangani ao Kindu. Ensemble pour la République ya Moïse Katumbi ilizaliwa mu kikao cha Lubumbashi, Desemba 2019, kwa hiyo haiko jambo lisilowezekana. Wengine wanasema wajumbe wapige kura mu majimbo yao siku moja, kiisha matokeo yakusanywe. Hii ya pili ingeondoa tikiti mu hesabu, na njo kwa hiyo wenye tikiti hawaipendi. Ingeomba pia watu wa kuhesabu wenye kuaminika mu kila federasio, na hao hawapatikani kwa siku moja.

Kwa sasa, mu federasio nyingi za upande huu, biro imefungwa kwa kufuli, kaimu yuko Kinshasa, na muhuri wa chama uko naye mu mufuko.